Unachokunywa

Mkewe alifika mlangoni na chupa ya chai kwapani, akasikia mwisho tu wa maneno ya daktari: "...hicho unachokunywa ndicho kimeharibu ini lako, mzee."

Akasimama, mguu mmoja ndani, mmoja nje.

"Kumbe anakunywa?"

Daktari alifungua kinywa. Mgonjwa, fundi viatu, akamwahi.

"Nakunywa, mama watoto. Nisamehe."

Mama aliketi kwa uzito. Wiki mbili sasa alikuwa mtu wa njia ya hospitali, nenda rudi. Tumbo la mumewe lilikuwa limejaa maji, limewambwa kama ngoma, na mishipa imetambaa kuzunguka kitovu. Miguu ilikuwa imevimba; fundi viatu mzima, na hakuna kiatu kinachomwingia. Tena Jumatatu alitapika damu, beseni tele. Beseni aliliosha yeye.

"Ini likikakamaa, damu inakosa pa kupita," daktari alisema taratibu. "Inajazana kwenye mishipa ya koo la chakula mpaka inapasuka. Asipoacha, itapasuka tena, na sidhani kama tutamwahi."

Mama alimgeukia mumewe. "Unanywea wapi wewe? Kibandani kwako?"

"Huko huko."

"Na mimi nikinusa gundi nasema, mume wangu mchapakazi!"

Fundi alicheka kidogo, akashika tumbo. "Sasa hiyo dawa ya mgongo unayoniletea kwenye chupa haipatani na pombe. Usinichemshie tena."

"Nikuchemshie? Mlevi?" Alifungua chupa, akaimimina dawa yote kwenye sinki, mpaka vipande vya mizizi vilivyotuama chini. "Hupati hata tone! Leo wala kesho!"

Alifika mlangoni kwa hasira zake, akarudi. Shuka lilikuwa limeteleza. Alimfunika miguu, akachomeka pembe chini ya godoro, ndipo akatoka kwenda kuosha chupa.

Daktari alisubiri nyayo ziishe kwenye korido.

"Mzee, wewe pombe hujawahi hata kuionja. Mbona hukumwambia ni hiyo mizizi?"

Fundi alikuwa bado anautazama mlango.

"Miaka sita anaamka kabla jogoo hajawika, ananichemshia," alisema. "Andika pombe."