Chumba cha Wakfu

Bi Raya alifungua chumba alichoachiwa na marehemu mumewe, ubaridi wa kuta za mawe ukawapiga usoni. Zuwena na mwenzake Makame wakaitua seva yao huku wakihema. Ndiyo mashine iliyobeba kamusi ambayo mji mzima uliiandika na kuisoma bure kwenye simu. Asubuhi ile mwenye ofisi walimoiweka alikuwa ameitoa nje.

"Umeme, mtandao na ubaridi vinaitosha, mama," Zuwena alisema. "Ila tumeshafukuzwa mara tatu. Na wewe ukituchoka?"

"Kwani mnaiuza?"

"Hapana. Kila mtu huchota, na anayejua huongeza."

"Si kisima hicho!" Bi Raya alicheka, akajitanda mtandio vizuri. "Haya, shuhudieni nyote wawili. Chumba hiki nimekiweka wakfu kwa ajili ya Mungu, kiwe makao ya mashine hii. Kuanzia sasa hata mimi mwenyewe siwezi kukidai."

"Weee, mama!" Makame aliruka, akagonga kichwa mlangoni.

Zuwena alishachomeka waya. Taa ndogo za kijani zikawaka, zikaanza kupepesa kwa pupa.

"Ni watu wa kamusi hao," alinong'ona. "Wanaingia."

Bi Raya akavua viatu, akaziinamia zile taa.

"Karibuni," akasema. "Karibuni ndani."