Paneli za Juu ya Mlango

Dada fundi alikuwa akipekua rundo la vyuma nyuma ya stoo, akichagua vilivyo vibovu. Vizima aliviacha. Breketi nyembamba, zile ambazo mtu angeweza kuzipinda kwa mikono mitupu, ndizo alizotia kwenye mkoba wake wa kazi.

Mtunza stoo alimwona. "Dada fundi, hizo bosi alisema zisiguswe."

"Nani kazigusa? Wewe umeona mtu hapa?"

Mtunza stoo akacheka, akajifanya hamnazo.

Breketi ndicho chuma kinachofungwa kwanza ukutani. Breketi hubeba fito za alumini, na fito hubeba paneli, yale mabamba mapana yanayolivisha jengo likapendeza. Mpita njia huziona paneli tu. Breketi ikisalimu amri, paneli humshukia aliye chini bila hodi.

Ndivyo alivyokufa mdogo wake, kwenye ukuta wa zahanati. Bosi alisimama mbele ya mkaguzi, mkono kifuani, akaapa kwamba marehemu alikuwa mzembe, hakukaza nati. Mkaguzi akaandika, akaenda zake. Lakini dada mtu alikuwa amefika pale kabla lori halijazoa vipande. Mdogo wake alikuwa na kawaida moja: kila nati akishaikaza, huipaka mstari mwekundu unaovuka hadi kwenye breketi, ili nati ikilegea hata kidogo, mstari ukatike. Kwenye vile vipande, kila mstari ulikuwa mzima. Nati hazikulegea. Breketi zenyewe ndizo zilizochanika.

Alikwenda kuwaambia polisi, hakusikilizwa. Nani amsikilize dada wa marehemu? Mtaani mama yao akawa ananyooshewa kidole: yule pale, mama wa mzembe. Ikafika mahali akaacha kwenda hata kwenye misiba ya watu.

Basi dada mtu akajikaza kisabuni, akaenda kuomba kazi kwa bosi yuleyule, ambaye hakumjua kwa sura wala kwa ukoo. Kila asubuhi alimwambia "Shikamoo, bosi," na kila alipoitikiwa "Marahaba" damu ilimchemka.

Sasa walikuwa wanajenga maktaba. Kazi ilipofika kwenye mlango mkubwa, alimfuata bosi.

"Hapo juu ya mlango niachie mimi, bosi. Si ndipo mtakaposimama kupiga picha?"

"Ndiyo maana nakupenda," bosi akasema. "Wewe una uchungu na kazi."

"Uchungu ninao, bosi. Tena mwingi."

Alipanda jukwaani na mkoba wake begani. Wenzake walipotaka kumsaidia aliwafukuza wakanywe chai. Alifunga, akakaza, akapaka kila nati mstari mwekundu kama alivyokuwa akifanya mdogo wake. Paneli ya mwisho ilipokaa mahali pake, hakuna jicho ambalo lingeweza tena kuona kilichokuwa nyuma yake. Akatabasamu, na halikuwa tabasamu la kupenda kulitazama.

Siku ya ufunguzi alimleta mama yake. Mama alikataa, akabembelezwa, akakataa tena, akavutwa mkono. Dada fundi alimtafutia kiti kivulini, kando ya mlango, akampakatisha mkoba.

"Nishikie, mama. Usiuweke chini."

"Mbona mzito hivi?"

"Vitu vya kazini. Wewe tulia tu. Leo nataka uone kwa macho yako."

Bosi alifika na suti mpya na kicheko cha kukopesha kila mtu. Mpiga picha aliwapanga mlangoni: mwenye jengo, wageni wake, na yule mkaguzi wa zahanati ambaye hakosi palipo na keki. Bosi akawekwa katikati. Kamera ilikuwa imeshaanza kuchukua video dada fundi alipomsogelea, akajifanya anampangusa vumbi begani.

"Bosi," alimnong'oneza, "zile breketi zilizobaki za zahanati hazipo tena nyuma ya stoo. Nilizichukua mimi. Mimi ni dada wa yule kijana. Hapo juu yako nati nimezikaza mwenyewe, usije ukamsingizia mtu."

Bosi aliinua macho. Jua lilikuwa limeshazipasha paneli moto, na moja ikatoa mlio mdogo, kama zinavyolia zote zikipata joto.

"Tokeni!" Aliruka, akamkanyaga mwenye jengo. "Tokeni, zitawaua! Hizo breketi ni bati tupu, hazibebi kitu! Ndizo zilizoangusha ukuta wa zahanati!"

Wageni walikimbia mpaka barabarani, viatu mkononi. Huko ndiko mkaguzi alikomgeukia bosi, pumzi zikimwishia.

"Si uliniapia kwamba kijana hakukaza nati?"

Watu wote walikuwa wakimtazama bosi, na mpiga picha hakuwa ameishusha kamera.

Mlangoni alibaki mama peke yake. Alikuwa bado kwenye kiti chake, mkoba mapajani, na machozi yalikuwa yakimtiririka. Dada fundi alirudi kwake polepole, akavuta kiti, akaketi naye chini ya zile paneli.

"Umesikia, mama?"

"Nimesikia, mwanangu. Na mtaa mzima utasikia." Mama alijifuta macho kwa ncha ya kitambaa, kisha akausukuma ule mkoba. "Haya, chukua mzigo wako. Hivyo vyuma vyako vyembamba vimenichoma mapaja tangu asubuhi."