Kidole Safi

Nereah alimfinya mumewe ubavuni, na Rasto akarudi.

Alirudi kama mtu aliyeopolewa majini: mvuto mmoja mrefu wa hewa, kikohozi, kisha mkoromo ukaendelea pale ulipokatikia. Nereah akaurudisha mkono wake juu ya tumbo la mumewe. Mwaka mzima alikuwa akilala hivyo. Tumbo likipanda na kushuka, alisinzia. Likitulia, kiganja kilimwamsha, akafinya.

Mchana aliuza omena, dagaa wa ziwani, soko la mpakani, Busia, akisinzia juu ya gorogoro lake la kupimia. Wenzake walimcheka.

"Mama Griffins, huyo mzee hakuachi ulale?"

Naye alicheka pamoja nao. Angewaambia nini?

Kipimo cha usingizi wa Rasto alikitafuta yeye. Eldoret walimtajia bei ya ng'ombe wawili kwa usiku mmoja wa kulala hospitalini. Kampala ng'ombe wakawa watatu. Kisha mteja mmoja wa Mwello akamwambia kuna zahanati Tororo inayoazimisha kifaa kidogo cha kubana kidoleni. Unalala nacho kwako, asubuhi unakirudisha, nao wanasoma hewa ya damu ilishuka mara ngapi usiku. Shilingi elfu arobaini za Uganda. Nereah aliuza kuku wake wote siku hiyohiyo.

Rasto hakutaka kusikia. Alikuwa dereva wa lori la saruji, na hakuna alichokiogopa kama karatasi ya daktari. Lakini wiki hiyo tajiri wake, Isaac, alimkuta kwenye foleni ya Malaba amelalia usukani, malori tisa yakimpigia honi.

"Niletee karatasi," Isaac alisema. "Ikiwa nzuri, endesha. Ikiwa mbaya, weka funguo mezani."

Basi wakaenda Tororo, mke na mume. Muuguzi aliwapokea, mama mmoja mchangamfu aitwaye Goretti.

"Hii unabana kidole ya shahada, usiku yote," alisema. "Kidole ikuwe safi. Girisi hapana, rangi ya kucha hapana. Ikiwa chafu, mashine inasoma uongo."

Rasto akamwonyesha viganja vyake. "Girisi ni yangu, nitanawa. Rangi ni ya huyu." Akauinua mkono wa Nereah wenye kucha nyekundu, zilizopakwa kwa ajili ya harusi ya binamu yake kule Dabani. "Na huyu ni mzima kama chuma."

Wakacheka wote watatu.

Jioni ile Rasto alikuwa tena yule mume ambaye Nereah alikuwa karibu kumsahau. Alichota maji, akachemsha chai, akatandika kitanda mwenyewe.

"Leo usinishike tumbo," alisema. "Kazi yako imechukuliwa na mashine. Lala, Mama Griffins. Umechoka kwa ajili yangu vya kutosha."

Nereah alilala kabla hajamaliza kikombe, usingizi mzito kama jiwe. Alipofumbua macho kulikuwa kumekucha, na Rasto ameketi ukingoni mwa kitanda, kifaa kidoleni, kitaa chake chekundu kikiwaka. Macho yake yalikuwa mekundu pia.

"Kinasumbua kidogo," alisema.

Goretti aliyasoma majibu mara mbili. Akaitazama shingo nene ya Rasto, akarudi kwenye karatasi.

"Hewa haijashuka hata mara moja. Mimi hii shingo ilikuwa inanitisha, lakini mashine imesema. Unalala kama mtoto mchanga, baba."

Nereah akalia palepale, mbele ya watu waliokuwa wakisubiri zamu. Rasto aliikunja karatasi mara nne, akaitia mfuko wa shati, akafunga kifungo. Walipofika Busia aliipeleka moja kwa moja kwa Isaac.

Usiku huo mkoromo ulikatika kama kawaida. Kiganja cha Nereah kiliinuka chenyewe gizani. Kisha akaikumbuka karatasi, akajionea aibu, akakiweka chini ya shavu lake. Hakujua hewa ilirudi saa ngapi, maana alikuwa ameshalala. Usiku wa pili alilala. Wa tatu alilala. Sokoni wenzake walimwambia amenawiri, amerudi kuwa msichana.

Asubuhi ya tano alimgusa bega ili ampe chai. Bega lilikuwa baridi.

Isaac alileta magunia mawili ya mchele na turubai. Kila aliyempa mkono wa pole, Isaac alimwambia maneno yaleyale: "Karatasi ilisema ni mzima. Ninayo ofisini."

Shangazi Sylvia ndiye aliyeziona kucha. Alisema mjane hawezi kuketi kando ya jeneza na kucha za harusi. Akaitwa Kevo, yule aliyezipaka, anayezunguka sokoni na kapu lake la vichupa. Kevo alichuchumaa mbele ya Nereah, akalowesha pamba, akaanza na kidole gumba cha mkono wa kushoto. Alifuta polepole, bila kuinua macho.

Kidole kilichofuata, cha shahada, hakikuwa na rangi. Nereah alikuwa amekiona hivyo tangu wiki iliyopita, akadhani ni chumvi ya omena.

Kevo alikitazama, akatikisa kichwa kwa huruma.

"Hiki mzee alikifuta vizuri," alisema. "Pole sana, mathe. Yule mtu alikujali. Siku ile mlipotoka Tororo mara ya kwanza alikuja kuniomba pamba na dawa ya kufutia rangi, ya kidole kimoja tu. Akaniuliza mara mbili kama harufu yake inaweza kumwamsha mtu aliyelala."