Vikapu Vilivyokanyagwa na Tembo

Wanyama walikuwa na maonyesho yao kila baada ya mavuno. Mnana, yule ndege msusi, alileta vikapu vyake, akavipanga chini, akanyamaza. Nyumbani kwao ni mwiko kusuka mbele ya macho ya watu, ufundi usije ukaibwa.

Jirani yake, Kasuku, aliuza vikapu alivyonunua kwingine, tena kwa makelele.

"Dada, biashara matangazo!" Kasuku alimcheka Mnana. "Makinda wako watakula huo ukimya?"

Tembo alivutwa na makelele hayo, akaja mbio bila kutazama chini. Vikapu vya Mnana vikalala kama chapati.

"Nisamehe, mama," alisema Tembo, masikio yamemlegea. "Nami nilitaka kikapu cha mahindi."

Mnana aliwakumbuka makinda wake. Mwiko akauweka kando, akachomoa ukindu wa akiba, akaanza kusuka palepale. Ukindu uliingia, ukatoka, ukajifunga, na kikapu kikajaa taratibu kama mwezi. Twiga aliinamisha shingo yote. Simba alisahau kunguruma. Hata Kasuku alibaki kinywa wazi.

"Kumbe kikapu huzaliwa hivi!" Tembo alinong'ona. "Mama, nisukie na mimi. Nitangoja."

Nyuma yake foleni ilifika langoni.

Maonyesho yaliyofuata, Mnana hakubeba kikapu hata kimoja. Alikuja na ukindu tu, akakuta wanyama wameshakaa chini, kimya, wanamsubiri.