Matanga ya Nyenje Mwimbaji

Nyenje mwimbaji alijivua gamba, akaliacha limeng'ang'ania mti, akaingia kichakani kusubiri ngozi mpya ikauke. Bata alipoliona lile gamba tupu, alipiga yowe kwamba Nyenje amekufa. Wanyama wakaweka matanga, wakapika pilau. Hata Fisi, aliyezoea kumfukuza akimwita mpiga kelele, alijigaragaza chini akilia, "Hatatokea mwingine kama yeye!"

Nyenje akatoka kichakani mbio. "Jamani, mbona mimi niko hai!" Akawaimbia wimbo wake ili waamini.

"Acha kumwiga marehemu," Fisi akamkatiza. "Yule alikuwa na sauti, bwana!"

Nyenje alibishana mpaka akachoka. "Haya, basi nipeni pilau."

Bata akafunika sufuria. "Pilau ni ya waliomfahamu marehemu."