Daftari Lenye Vema Tupu

Daftari la Mwanaidi lilijaa vema nyekundu, lakini nyumbani mtoto alishindwa kugawa maharage kumi na mawili kwenye sahani nne. Mama yake, Bi Chausiku, akahisi anachezewa. Asubuhi aliingia darasani bila hodi.

"Mwalimu Kidawa, kumi na mbili gawanya kwa nne ni ngapi?"

"Tatu, mama Mwanaidi. Hata hawa wanajua."

"Basi mbona hapa kaandika tano, nawe umempa vema?"

Mwalimu alilipokea daftari, akaliinamia mpaka pua ikagusa karatasi. Alikuwa amelishika juu chini, wala hakuona. Mwanaidi akainuka, akaligeuza taratibu mikononi mwa mwalimu kama aliyezoea, kisha darasa zima likamkazia macho mama yake, kama linalomsihi asimseme mwalimu.