Arobaini na Mbili

Chupa za maabara zilikuwa zimevunjika zote, kwa hiyo Mwalimu Sikudhani alimimina asidi kwenye chupa ya maji ya kunywa, akaiacha mezani, akaenda ofisini kutafuta karatasi ya kubandika jina. Aliporudi, wanafunzi walikuwa wamekwisha kuketi, na chupa ilikuwa imepungua vidole viwili.

"Nani ameigusa hii?"

Wote walikuwa wakiitazama fimbo iliyoegemea ubao. Akaichukua, akaitupa nje ya dirisha, akauliza tena. Wakainamia madawati.

Akafungua daftari la mahudhurio. Koo lililoungua haliwezi kujificha kwenye sauti, aliwaza.

"Kila mtu aitike kwa nguvu. Mlekwa."

"Nipo, mwalimu."

"Chausiku."

"Nipo, mwalimu."

Alizisikiliza sauti zao moja moja kama daktari anayesikiliza vifua. Zote zilitoka safi, naye akaanza kupumua. Wanafunzi arobaini na mmoja waliitika. Alibaki mmoja.

"Tunu."

Tunu aliinua mkono. Ndivyo alivyoitika tangu siku ya kwanza. Hakuna mwalimu aliyewahi kusikia sauti yake.

Mwalimu Sikudhani alitembea hadi dawati la nyuma, akapiga magoti.

"Mwanangu, sikuchapi. Fungua mdomo nione."

Tunu alimtazama, machozi yakimlengalenga. Mkono wake ulikuwa bado juu. Taratibu akauinua na ule wa pili, akaziba nao mdomo.